Kutoa ni moyo, ila mkono mtupu haulambwi

Kila mwaka inapokaribia tarehe 20 Machi, Siku ya Furaha Duniani iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2012, hutolewa Ripoti ya Furaha Duniani, yenye orodha ya nchi kwa kadiri watu wake wanavyoyaona maisha yao. Ufini ilishika namba moja 2018 na hadi 2025 ilikuwa haijashushwa. Sisi tunajitafuta kuanzia chini, kama mwanafunzi anayejua fika alivyoufanya mtihani. Mwaka 2017 Tanzania ilikuwa ya 153 kati ya nchi 155. Mwaka uliofuata ikawa ya 153 tena, safari hii kati ya 156, na majirani zetu wa Burundi ndio waliofunga mlango.

Jibu la mtaani huwa moja: "Hao hawajawahi kufika kwenye harusi zetu." Nimeucheka utani huo miaka mingi, na siku hizi nauchukulia kwa uzito maana una hoja ndani yake. Nenda ukumbi wowote wa Dar es Salaam Jumamosi usiku. Mshereheshaji hajamaliza sentensi, kina mama wa kamati wameshavuka meza kwa vigelegele, na mzee aliyeingia kwa mkongojo ameuegemeza ukutani anaserebuka. Mwambie mtu wa pale kwamba anatoka nchi ya tatu kutoka mkiani kwa furaha, atadhani umekunywa.

Lakini watu hao hao, wakiulizwa Jumatatu asubuhi, ndio waliojipa alama zile. Hakuna Mzungu aliyewajazia karatasi. Kuna wanaosema kipimo ni cha kigeni, hakituelewi. Kuna wanaosema ni umaskini tu, hakuna cha kuchambua. Wote wameshika kipande. Mimi naona jambo la tatu, na ndilo lililonifanya niandike: kile kinachotuchekesha Jumamosi ndicho kinachotushusha ngazi Jumatatu. Ni thamani moja, ya kutoa na kubebana, inafanya kazi mbili.

Tuanze na swali lenyewe. Anayehojiwa huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10. Juu kabisa ni maisha bora kuliko yote anayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Je, leo amesimama kidato cha ngapi? Ngazi hiyo aliibuni mwanasaikolojia Mmarekani Hadley Cantril katika miaka ya 1960, na sasa shirika la kupima maoni la Gallup huipeleka duniani kote. Ukiangalia vizuri, hakuna aliyeulizwa kama ana furaha. Ameombwa ayapime maisha yake. Kwa Kiswahili hayo ni mambo mawili yaliyo mbalimbali. Furaha kwetu huja na tukio: nilifurahi ulipokuja, tulifurahi alipofaulu. Raha ni mwili na nafsi kupumzika. Kuna heri, kuna kuridhika, kuna kukinai. Mtu anaweza kuwa na furaha Jumamosi nzima na asiwe na raha wiki yote, wala hajajipinga kwa lolote.

Halafu ngazi ile ina mtu mmoja tu juu yake, na hapo ndipo tunapoanza kupishana nayo. Sikiliza tunavyosalimiana. Hujambo, yaani huna jambo? Mzee wa Pangani au wa Ujiji huenda asijibu "sijambo". Atasema "hatujambo", na kama lipo, atalitaja: hatujambo, ila mtoto wa dada anasumbuliwa na kifua. Kifua si chake, na yule mtoto pengine yuko Mwanza, lakini ameshaingia kwenye hesabu ya hali yake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo zinafuata habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za shamba. Anayeulizwa yuko wapi kwenye ngazi anaulizwa kwa umoja, na anajibu akiwa amebeba wengi mgongoni. Ukiwa na watu kumi mgongoni hata kidato cha nne ni mlima.

Watafiti wa saikolojia wamelizunguka jambo hili kwa njia zao. Mwaka 1993 Tim Kasser na Richard Ryan walionyesha, kwa vijana wa Marekani, kwamba wanaoweka mafanikio ya pesa mbele ya yote mara nyingi hali yao ya nafsi huwa duni kuliko ya wenzao wanaotanguliza mahusiano na kujiendeleza. Hilo babu zetu wangesema wanalijua. Lililonivutia zaidi ni la mwaka 2015, la Brett Ford na wenzake, waliolinganisha Marekani, Ujerumani, Urusi na Asia ya Mashariki. Waliuliza kama kuitafuta furaha kwa bidii kunamletea mtu maisha mazuri zaidi. Marekani, hapana. Urusi na Asia ya Mashariki, ndiyo. Tofauti ilitokana na wanachoelewa watu kwa neno lenyewe: kule ambako kutafuta furaha kulimaanisha kukaa na watu na kuwasaidia, juhudi ilizaa. Kule ambako kila mtu aliitafuta ndani yake peke yake, aliondoka mikono mitupu.

Ukifika hapo ni rahisi kujipiga kifua. Sisi ndio wenye utu, ndio wenye ndugu, basi tumeshinda. Na kweli ushahidi wa kutupa moyo upo. Lara Aknin na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2013, waliwaomba watu wa Kanada na wa Uganda wakumbuke siku waliyotumia pesa kwa ajili yao wenyewe, au kwa ajili ya mwingine. Pande zote mbili, waliokumbuka kumpa mwingine walijisikia vizuri zaidi. Kutoa kunafurahisha, kwa tajiri na kwa maskini. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Ila kuna kitu kidogo katika simulizi zile kisichopaswa kutupita. Wakanada mara nyingi walikumbuka zawadi, kama ya siku ya kuzaliwa ya mama. Watu wa Uganda walikumbuka shida mara nyingi zaidi: mtu kaugua, anahitaji dawa, wewe ndiye uliyekuwa na hela. Matokeo ya utafiti ni yale yale, lakini maisha si yale yale. Zawadi unaweza kuipanga, ukaichagua, ukaifunga kwa karatasi nzuri. Malaria haikuulizi mshahara unatoka tarehe ngapi.

Sasa njoo kwenye michango, maana ndiko thamani zetu zinakoishi kwa sasa. Simu yangu hapa ina makundi saba ya WhatsApp ambayo sikuomba kuingizwa. Harusi mbili, sendofu moja, kipaimara, matibabu, ada ya mtoto wa marehemu, na moja ambalo sherehe yake ilishapita ila hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kutoka. Kadi inakuja na maneno matamu, "uwepo wako ni muhimu", na chini yake kiwango: mtu mmoja kiasi hiki, wawili kiasi hiki. Unaandika ahadi. Kuanzia hapo jina lako lina safu tatu: ahadi, uliyolipa, baki.

Wapo wanaosema michango ni ujinga, tuache. Sikubaliani nao hata kidogo, na nadhani wengi wao hawajawahi kufiwa mjini. Mchango ni bima ya watu ambao bima haikuwahi kuwafikia. Anayefiwa usiku, kufikia asubuhi turubai limefungwa, maji yamechotwa, na kuna mtu ameshika daftari la rambirambi, au la ubani kama mko pwani. Daftari lile halitupwi. Yatakapomkuta aliyeandikwa humo litafunguliwa tena, na atarudishiwa kwa kipimo alichotoa. Asiyezika wenzake, nani atamzika? Watu wanachanga kwa upendo na kwa hofu kwa pamoja, na sioni aibu kuyataja yote mawili.

Taabu ni kwamba thamani hii ilianza maisha yake kwa mikono, ikahamia kwenye pesa bila sisi kukaa kikao. Mwaka 1962, akieleza ujamaa, Nyerere aliukumbusha umma methali ambayo wengi huikata katikati: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaisoma kama onyo kwa wavivu, na ndivyo alivyoitumia. Lakini isome tena kwa jicho la mgeni. Siku ya tatu amepewa nafasi. Sasa naye ana cha kutoa, hata kama alifika na kanga moja. Katika jamii ya jembe hakuna asiye na mchango, kwa sababu kila mtu ana mikono. Utabeba kuni, utachimba kaburi, utatwanga, utaimba. Hapo "kutoa ni moyo" ilikuwa kweli tupu.

Leo chakula kinapikwa na wapishi wa kukodi, ukumbi ni wa kulipia, muziki una mkataba. Mikono yako haina kazi pale. Kinachotakiwa ni muamala. Na teknolojia imeziba kila mwanya wa udhuru. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, wito wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani, na mwaka mmoja baadaye ikavuka kuja Tanzania. Zamani ukiwa Dar na msiba uko Songea, umbali ulikusitiri: barua ilichelewa, basi halikupatikana. Sasa ujumbe unafika saa nane usiku na namba ya kutuma iko hapo hapo chini. Ndiyo maana tozo za miamala za Julai 2021 ziliwaka moto kiasi kile, hadi serikali ikazipunguza. Wachumi walizungumza mapato. Watu walikuwa wanasikia kwamba serikali imeingiza mkono kati yao na mama zao.

Kwa hiyo umaskini wetu una makali yasiyoandikwa kwenye takwimu za kipato. Ukosefu wa chakula unauma kila mahali duniani. Lakini mahali ambapo heshima ya mtu imo katika kutoa, kukosa kunakunyang'anya na nafasi yako kati ya watu. Babu zetu walilijua na hili, wakaweka methali nyingine kando ya ile ya kwanza, na hawakuhangaika kuzipatanisha: mkono mtupu haulambwi.

Orodha ile ya dunia hueleza tofauti za nchi kwa mambo sita: pato la taifa, matarajio ya kuishi na afya, uhuru wa kuchagua maisha, ukarimu, mtazamo wa watu kuhusu rushwa, na kuwa na mtu wa kumtegemea. Hili la mwisho huulizwa hivi: ukipata shida, unao ndugu au marafiki wa kukusaidia? Ni swali zuri. Limesahau pacha wake tu: je, ni wangapi ambao jibu lao la "ndiyo" ni wewe? Ufini mtu anaweza kuwa na wa kumtegemea bila yeye kutegemewa na kijiji. Hapa kila "ndiyo" ina mtu upande wa pili anayelala macho. Swali la ukarimu nalo linauliza kuhusu kutoa kwa taasisi za hisani. Aliyemaliza nusu ya mshahara wake kwenye harusi, ada na rambirambi anaweza kujibu hapana na asiwe amesema uongo. Kenya, nchi iliyobatiza uhuru wake kwa neno Harambee, ilishika nafasi ya pili duniani 2021 na 2022 katika orodha ya kutoa ya Charities Aid Foundation, shirika la hisani la Uingereza, huku kwenye orodha ya furaha ikiwa nyuma ya nchi zaidi ya mia moja. Watu hushangaa. Mimi ningeshangaa kama ingekuwa kinyume.

Kuna kundi moja linalopenda kutajwa katika mijadala hii. Robert Biswas-Diener na wenzake waliwahoji Wamasai wa Kenya na kuchapisha matokeo 2005. Kwa kipimo cha kuridhika na maisha chenye alama 7, Wamasai walipata takriban 5.7, wakati matajiri wakubwa wa Marekani waliowahi kuulizwa walipata 5.8. Kuna wanaozipenda namba hizo: tazama, hawana kitu na wanatabasamu. Huo ni uvivu wa kufikiri. Mmasai mwenye ng'ombe ana kitu. Ana cha kutoa mahari, cha kuchinja mgeni akija, cha kumwazima ndugu ukame ukipita. Thamani zake na mali yake vinazungumza lugha moja. Mwulize kijana huyo huyo anapolinda geti mjini, amevaa shuka lake na kushika rungu, mshahara unaisha tarehe kumi na nyumbani wanamsubiri. Sina namba yake, ila maadili hayajambadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kama mahali alipo panamruhusu kuyatimiza.

Dada zetu wanaokwenda Muscat, Riyadh au Dubai kufanya kazi za ndani, kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, wako katikati kabisa ya jambo hili. Ukimuuliza kwa nini anavumilia atakuambia bila kusita: namjengea mama, nasomesha. Na anasema kweli, kuna fahari katika sauti yake ambayo hakuna mhadhiri wa kujipenda kwanza atakayempa. Thamani ile imempa maana ya kila ndoo ya maji anayoinua. Thamani hiyo hiyo ndiyo inayomfunga mdomo. Akirekodi sauti ya kutuma nyumbani usiku, mgongo unamuuma na hajapumzika siku ishirini, atasema: "Mimi sijambo, nyie je?" Salamu iliyozaliwa ili jambo litajwe imekuwa kifuniko chake.

Vijana wanaosema wanaweka mipaka, hawachangi, hawapokei simu za ndugu mwisho wa mwezi, tunawaita wenye uzungu. Wengine ni wachoyo tu, tusidanganyane. Ila wengi ninaowafahamu hawajaacha thamani ya kutoa. Wameikimbia aibu ya kushindwa kutoa, na ukimbizi huo una upweke wake, maana harusi zao zitakuja na misiba yao itakuja.

Na Ufini? Watu huitazama wakaona ubinafsi wenye pesa. Nadhani wanaitazama vibaya. Kule mtu akiugua, hospitali haimtafuti binamu yake. Akipoteza kazi, kuna ofisi inayomtambua kabla shemeji hajajua. Kodi yao ni mchango, na mkubwa kuliko wa harusi yoyote ya Mbezi, tofauti ni kwamba hausomwi kwa majina kila jioni. Baada ya hapo ndugu hubaki kuwa ndugu tu, mtu unayemtembelea bila kuangalia nyuma ya simu kama ana ombi. Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023. Watu waliijadili kama suala la zahanati na makato. Kama itafika kweli hadi kwa muuza mihogo, itagusa na namna kaka na dada wanavyosalimiana.

Nikisema hivyo, wapo watakaoogopa: dola ikibeba wagonjwa, nani atakuja msibani? Hofu hiyo ina haki ya kusikilizwa. Ripoti ya 2025 ilitazama hata kula pamoja, na Senegal ndiyo iliyoongoza kwa milo ambayo mtu huila na wenzake, kama sisi kwenye sinia moja, ingawa haimo karibu na kilele cha orodha ya furaha. Nisingependa tulibadilishe sinia kwa kidato. Lakini sinia halikatai mtu asiye na hela, mradi amenawa. Ni kadi ndiyo inayomkataa.

Mwaka jana nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mtoto wa jirani. Fundi baiskeli mmoja wa mtaa wetu aliahidi shilingi 50,000, na siku anaahidi alikuwa na uso wa bashasha, maana baiskeli ya bibi harusi ilikuwa ikijazwa upepo kibandani kwake tangu binti yuko darasa la pili. Miezi miwili mfululizo mweka hazina alituma orodha kila jioni saa mbili, na kila jioni jina lake lilikuja na baki 50,000. Hakuna aliyemsema. Orodha ilitosha. Wiki ya mwisho simu zetu zikatuonyesha kwamba ametoka kwenye kundi.

Asubuhi ya siku yenyewe, kabla ya saa kumi na mbili, nilimkuta uani kwa jirani, ambako ndugu wa bibi harusi wangekusanyika kabla ya kwenda ukumbini. Alikuwa juu ya meza, kamba mdomoni, anafunga turubai. Hakuna aliyemwita. Alifunga pembe zote nne, akachimbia nguzo, akafagia chini yake, na chai ilipoletwa alikuwa ameshaondoka.

Jioni mweka hazina alinifuata na simu mkononi, anafunga hesabu, akaniuliza amwandike vipi yule fundi. Nilimwambia aandike "turubai". Akajaribu. Safu ile ilikuwa imetengenezwa kupokea tarakimu tu.